Nimefuata mstari wa Harman kwenye DT 770 na sauti imefifia: kosa ni langu au la grafu?

#1 · Chumba_cha_Pili

Wakuu, habari za humu.

Naomba msaada wa wanaoelewa grafu za hedifoni. Nina Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80, sponji za masikio ni zile zile za kiwandani, zina miaka mitatu. Kazi yake ni kuchanganya sauti kwenye Reaper (Windows), na usiku kusikiliza muziki kwa simu, kwa waya. Nimechukua marekebisho ya AutoEq (mradi unaokokotoa filta za ikwalaiza kutokana na vipimo vya hedifoni) yanayolenga mstari wa Harman wa 2018 (grafu ya sauti lengwa ya hedifoni, kutokana na utafiti wa Harman), nikayaweka kwenye programu za ikwalaiza: Equalizer APO upande wa kompyuta na Wavelet upande wa simu. Priampu (kiwango cha sauti nzima) imeshuka -6 dB.

Matokeo yake:

- Matoazi yamerudi nyuma, muziki mzima kama umefunikwa shuka. Ajabu ni kwamba herufi "s" za waimbaji bado zinachoma.
- Simu haitoshi. Nafika mwisho wa volyumu na bado nataka zaidi.
- Besi inakuja nikizibana hedifoni kwa mikono, nikiachia inaondoka. Navaa miwani, kama hilo lina maana.

Kila ninapouliza naambiwa Harman ndiyo nyutro (sauti isiyoongezwa wala kupunguzwa kitu), kama huipendi masikio yako yamezoea uchafu. Nivumilie hadi nizoee, au nirudi kwenye sauti ya kiwandani? Na kwa kuchanganya nitumie ipi?

---

#2 · Desibeli_Sita

Mkuu, hapo una matatizo matatu tofauti, na mawili hayahusiani kabisa na Harman. Tuanze na hayo.

Besi inayoondoka. Umeshajipima mwenyewe bila kujua. Ukibana besi ikaongezeka, maana yake hewa inavuja kati ya sponji na kichwa. Hedifoni iliyofungwa kama hiyo inahitaji hewa iliyozibwa ili isukume masafa ya chini, tundu dogo tu linatosha kuimwaga besi yote iliyo chini ya 100 Hz. Mkono wa miwani unainua sponji juu ya sikio na kuacha mwanya. Sponji ya miaka mitatu imelala, haijazi tena shimo la nyuma ya taya. Vipimo ulivyopakua vilifanywa kwenye kichwa bandia kisicho na miwani wala nywele, sponji zikiwa zimeziba vizuri. Kwa hiyo marekebisho yanadhani una besi ambayo huna. Usiongeze besi kwa ikwalaiza kabla ya kuziba mwanya, utaisukuma draiva (spika ndogo iliyo ndani ya hedifoni) bure. Nunua sponji mpya, jaribu miwani yenye mikono myembamba, au pandisha mkono wa miwani juu ya sponji wakati wa kusikiliza.

Jambo jingine: sponji zikilala, sikio linasogea karibu na draiva, na trebo (masafa ya juu) nayo inabadilika. Ukibadilisha sponji leo, tupa marekebisho yote ya trebo uliyofanya jana.

Simu kutotosha. Hii ni hesabu tu. DT 770 ya omu 80 inatoa 96 dB kwa miliwati 1. Simu inayotoa volti 0.5 inaipa miliwati 3 hivi, yaani dB 5 zaidi: 101 dB kwenye vilele. Ondoa 6 za priampu, zimebaki 95. Wastani wa muziki uko dB 12 hadi 15 chini ya vilele, kwa hiyo unasikiliza karibu 80 hadi 83, na wimbo uliorekodiwa kwa sauti ndogo unakuwa chini zaidi. Adapta ya USB-C inayotoa volti 1 inakurudishia dB 6 zile zile ulizopoteza. Huna haja ya ampu ya kuweka mezani.

Usiiondoe priampu ili upate sauti. Ukiongeza 6 dB kwenye besi bila kushusha priampu, ngoma ikipiga mawimbi yanakatwa vichwa na utasikia mkwaruzo. Watu wengi huilaumu draiva kwa kosa hilo.

Kufifia. Hapa ndipo Harman inaingia, lakini kwanza hakikisha unalinganisha vitu viwili vyenye sauti sawa. Unapozima ikwalaiza, ile -6 nayo inazimika, na hedifoni inakuwa kubwa ghafla. Sikio litachagua kilicho kikubwa kila mara, hata kikiwa kibovu. Tengeneza faili mbili, moja yenye filta zote, nyingine yenye `Preamp: -6 dB` peke yake, ubadilishe kati ya hizo mbili. Hapo angalau utajua unachokichukia ni nini.

---

#3 · Mkongwe_wa_Stereo

Kijana, Harman si nyutro na haijawahi kuwa nyutro. Ni matokeo ya kura. Waliwakalisha watu, wakawapa vitufe vya besi na trebo, wakachukua wastani. Nyutro ya hedifoni ni difyuzi-fildi: sauti inayofika kwenye kiwambo cha sikio ikitoka pande zote kwa usawa. Günther Theile aliitetea mwaka 1986 kwa ajili ya hedifoni za studio, na studio nyingi za redio Ulaya zilifanya kazi hivyo miaka mingi. Besi ya kuongezwa ni ladha. Mwenye kutaka ladha aseme ladha, asijifiche nyuma ya grafu.

---

#4 · Kapla711

Mkongwe, nusu ya kwanza nakubali, ya pili hapana.

Kazi ya Sean Olive na Todd Welti pale Harman ilianza kutoka mwaka 2012 na mstari unaotumika zaidi kwa hedifoni kubwa ni wa 2018. Hawakuanza na kura. Walianza na spika nzuri zilizosawazishwa ndani ya chumba cha kusikilizia, wakapima kinachofika kwenye masikio ya kichwa bandia kikiwa kimekaa mahali pa msikilizaji. Ndipo watu wakaruhusiwa kugeuza besi na trebo juu ya msingi huo. Sehemu ya kati, kile kilima cha karibu 3 kHz, hakikupigiwa kura, ni umbo la sikio. Mfereji wa sikio una urefu wa sentimita 2.5 hivi na umezibwa upande mmoja na kiwambo, kwa hiyo hukuza sauti karibu na 3 kHz, na bakuli la sikio la nje linaongeza lake juu kidogo ya hapo. Hedifoni inayofika kwenye kiwambo bila kilima hicho inasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa.

Tatizo la difyuzi-fildi tupu ni kwamba hakuna anayesikiliza muziki katika chumba ambacho sauti inatoka pande zote kwa nguvu sawa kuanzia 20 Hz hadi 20 kHz. Spika ya kawaida ndani ya chumba huteremka kadiri masafa yanavyopanda, kwa sababu besi inasambaa pande zote na trebo inaelekea mbele. Ndiyo maana wengi siku hizi wanachukua difyuzi-fildi na kuipa mteremko wa dB 1 kwa kila oktavu, ambao ni kama dB 10 kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiichora juu ya Harman utaona zinafanana kuliko mnavyogombana. Tofauti kubwa iko chini ya 200 Hz: Harman inakaa tambarare hadi hapo, kisha inapanda kwa ghafla kufikia dB 6 hivi.

Sasa, Chumba, hili ndilo jibu la swali lako la kuvumilia. Watafiti wenyewe waliwagawa wasikilizaji mwaka 2018 na wakapata makundi matatu. Asilimia 64 walipenda mstari wa Harman au karibu nao. Asilimia 15 walitaka besi zaidi, dB 3 hadi 6 juu yake. Asilimia 21 walitaka besi pungufu, dB 2 au 3 chini, na humo walikuwamo wengi wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu hayumo kwenye mstari, na waliouchora wanajua hivyo. Anayekwambia masikio yako machafu hajasoma walichoandika.

Ila makundi yote matatu yanatofautiana kwenye *kiasi* cha besi na trebo. Hakuna kundi lililotaka bonde la 10 dB pale 2 kHz, wala kilele kikali pale 8. Ladha ni vitufe viwili vipana. Kilele chembamba ni hitilafu, na hitilafu haiwi ladha kwa kuzoeleka.

---

#5 · Chumba_cha_Pili

Asante sana wakuu. Nimelinganisha kwa priampu sawa kama alivyosema Desibeli, kufifia kumepungua lakini kupo. Na lile la "s" kuchoma huku matoazi yamefifia bado silielewi. Mbona vinapingana?

---

#6 · Kapla711

Havipingani. DT 770 inajulikana kwa kilele cha trebo kwenye eneo la 8 kHz. Kichwa bandia kikapima kilele, tuseme, 8 kHz kamili, na programu ikatengeneza filta nyembamba ya kukishusha hapo hapo. Lakini kilele hicho kinategemea umbali wa draiva, kina cha sponji na umbo la sikio lako. Kwako kinaweza kuwa 9 kHz. Kwa hiyo umechimba shimo pale 8, ambapo hapakuwa na kilima, na kilima chako cha 9 umekiacha kimesimama. Matokeo ndiyo hayo: pamefifia na panachoma kwa wakati mmoja.

Kapla ya IEC 60318-4 (sikio bandia la kupimia), ile watu wanaiita 711, haikukusudiwa kuaminiwa sana juu ya 8 hadi 10 kHz. Zaidi ya hapo grafu inakuonyesha kapla zaidi kuliko hedifoni. Juu ya 6 kHz mimi sifuati filta nyembamba ya mtu yeyote. Fanya hivi:

Fungua faili ya AutoEq, futa filta zote zenye Fc (masafa ya filta) zaidi ya 6000 Hz, na zile za chini yake ziache kama zilivyo. Hakikisha pia ni vipimo vya omu 80, maana za omu 32 na 250 hazifanani nayo ingawa jina ni moja. Kosa hilo ni la kawaida kuliko unavyodhani.

Kisha chukua programu yoyote ya kutoa mlio mmoja. Weka volyumu ndogo, chini ya unavyosikilizia muziki, kwa sababu mlio wa 8 kHz unaumiza kabla hujagundua. Panda taratibu kutoka 4 kHz hadi 12 kHz, sekunde 20 au zaidi. Andika pale mlio unapochomoza. Sogeza hedifoni mbele kidogo, rudia, rudisha nyuma, rudia. Kama kilele kinahama kutoka 8.2 hadi 9.1 kila ukisogeza, filta yako iwe pana na ya wastani: Q 2 (Q ndogo ni filta pana, kubwa ni nyembamba), -3 dB. Kama kinakaa palepale, unaweza kuibana: Q 4, hadi -6 dB.

Usijaribu kuufanya mlio uwe sawa kila mahali. Sikio lenyewe lina vilima na mabonde yake, na ubongo umeyazoea tangu uzaliwe. Ukiyasawazisha yote utapata sauti ya ajabu iliyokufa. Shughulika na kile tu kinachopiga kelele.

Mwisho ongeza vitufe viwili vya ladha. Faili nzima itafanana na hii, namba za kwako zitakuwa tofauti:

```
Preamp: -4.0 dB
(filta za AutoEq za chini ya 6000 Hz hapa)
Filter 8: ON PK Fc 8900 Hz Gain -4.0 dB Q 3.00
Filter 9: ON LSC Fc 105 Hz Gain 0.0 dB Q 0.70
Filter 10: ON HSC Fc 2500 Hz Gain 0.0 dB Q 0.70
```

Mstari wenye mabano ni wa kukuelekeza tu, usiunakili. Filta ya 9 (kitufe cha besi) na ya 10 (kitufe cha trebo) zinaanza sifuri. Geuza ya 9 kwa hatua ya 1 dB, kati ya -3 na +5. Ya 10 usivuke 2 kwenda juu au chini, maana ni pana na 1 dB yake inasikika sana. Sikiliza dakika 15 hadi 20 kabla ya kugeuza tena, kwa sababu dakika za kwanza unasikia tofauti na kilichotangulia, husikii sauti yenyewe. Priampu iwe kinyume cha kilele cha juu kabisa cha mkunjo mzima. Kihariri cha Equalizer APO kinakionyesha kwenye kidirisha chake cha uchambuzi.

Wimbo wa kupimia besi uwe na besi kweli. Singeli au amapiano itakuonyesha kinachotokea chini ya 60 Hz. Taarabu ya violini na akodiani ni nzuri mno kwa sauti za kati na kwa kusikia kama 3 kHz inapiga kelele, lakini usiitumie kuamua kitufe cha besi, utakigeuza hadi mwisho ukitafuta kisichokuwamo.

---

#7 · Mkongwe_wa_Stereo

Hili la kilele cha 9 namuunga mkono. Naongeza moja: aamue kwenye sauti atakayosikilizia kweli. Sikio linapoteza besi kwanza sauti inapokuwa ndogo, jambo linalojulikana tangu vipimo vya Fletcher na Munson mwaka 1933. Ukiweka besi yako usiku kwa sauti ndogo, mchana ukipandisha itakufukuza chumbani. Faili mbili, ya usiku iwe na 2 au 3 dB zaidi pale 105.

Naona hata mimi nimeanza kugawa besi. Tuishie hapo.

---

#8 · Reaper_na_Chai

Kwenye kuchanganya hakuna aliyemjibu, kwa hiyo mimi.

Kwanza, Equalizer APO inakaa ndani ya mfumo wa sauti wa Windows. Ukiwa Reaper unatumia ASIO, au WASAPI ya kumiliki kifaa peke yake, sauti inapita pembeni na APO haiguswi kabisa. Inawezekana ulikuwa unachanganya bila marekebisho na kusikiliza ukiwa nayo, halafu unashangaa mbona miksi inabadilika. Kujaribu ni rahisi: weka priampu -30, cheza wimbo Reaper. Sauti isiposhuka, APO haipo njiani.

Dawa: weka filta hizo hizo ndani ya ReaEQ (ikwalaiza ya Reaper) kwenye Monitoring FX, iliyo chini ya menyu ya View. Usiziweke kwenye Master. Zikikaa Master zinaingia kwenye faili unayotoa, na wimbo wako utakwenda kwa watu ukiwa na bonde la 9 kHz la sikio lako. Kwenye Monitoring FX zinasikika kwako tu. Ila ReaEQ haipimi upana kwa Q, inapima kwa oktavu: Q 3 ni kama oktavu 0.48, Q 2 ni 0.7, Q 4 ni 0.36. Ukiandika 3 mahali pa oktavu umeshusha nusu ya wimbo.

Pili, kitufe cha besi cha starehe kizimwe wakati wa kuchanganya. Ukijipa 4 dB za ziada masikioni, utazipunguza kwenye miksi bila kujua, na kwenye gari ngoma itakuwa nyembamba. Kwa kazi mimi nashauri Harman kama ilivyo au 1 hadi 2 dB chini yake. Si kwa sababu ndiyo ukweli, ila iko karibu na spika za kawaida ndani ya chumba cha kawaida, ambazo ndizo wengi wa wasikilizaji wako wanazo. Halafu weka nyimbo tatu za watu wengine, zilizokamilika, kwenye mradi huo huo, uzishushe zilingane na miksi yako kwa sauti, na urukeruke kati yake. Hizo zinafundisha kuliko mstari wowote. Nyimbo zote zimetengenezwa kwenye spika tofauti tofauti, hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa dunia nzima. Floyd Toole aliuita huo mzunguko wa mkanganyiko, na hedifoni yako haiwezi kuutatua peke yake.

---

#9 · Chumba_cha_Pili

Nimejaribu ya -30. APO haikuwa njiani, natumia ASIO. Kilele changu kipo 9.2 na hakihami sana. Sponji mpya nitaagiza kabla ya kugusa kingine.

La mwisho: nina iafoni ndogo za kuingiza sikioni zilizotengenezwa kufuata Harman. Naweza kuzitumia kama rula ya kuisawazishia DT 770?

---

#10 · Kapla711

Hapana. Mstari wa Harman wa iafoni, wa 2019, una besi zaidi kuliko ule wa hedifoni kubwa. Ukizifananisha utaipa DT 770 besi isiyo yake. Na iafoni inaruka sikio la nje lote, kwa hiyo juu ya 5 kHz zinadanganyana kila moja kwa njia yake: ukisukuma iafoni ndani milimita 2 tu, kilele chake cha 8 kHz kinapanda juu zaidi, kwa sababu umefupisha hewa iliyobaki mbele ya kiwambo.

Unaweza kulinganisha kati ya 300 Hz na 2 kHz tu, kwa sauti ya mtu anayeongea. Hapo zikitofautiana sana, mojawapo ina tatizo. Na kama iafoni zinakupa besi kidogo kuliko DT 770 yenye mvujo, badilisha raba zake kwanza, chukua saizi moja juu.